Likizo ya ovari: Kwa nini deksa haimrudishii kuku mzee ujana

Kuku wa mayai akishapita wiki ya 70, hesabu za banda huanza kumgeuka mwenye banda. Trei zilizokuwa zikijaa kabla ya adhuhuri sasa zina mapengo. Mayai yamekuwa makubwa lakini ganda ni jepesi, mengine yanapasukia kiotani, mengine yanatoka na utando mtupu. Chakula hakijapungua hata kidogo: kuku anakula zile zile gramu 110 hadi 120 kwa siku, atage asitage. Hapo mfugaji hufunga safari hadi duka la dawa za mifugo kuuliza kama kuna kitu cha kuwaamsha kuku wake. Akikutana na muuzaji asiyejali, anaweza kurudi na vitamini, antibayotiki na kichupa cha deksamethasoni, dawa ambayo wengi huiita deksa tu.

Fikra iliyomfikisha hapo haikutoka hewani. Deksa ni ya jamii ya steroidi za kutuliza mcharuko, yaani ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma. Dawa za jamii hiyo zina sifa ya kuleta nafuu ya haraka. Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Nobeli. Deksamethasoni ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950, ikiwa na nguvu takribani mara 25 ya kotisoli, steroidi ya kutuliza mcharuko ambayo mwili wa binadamu hujitengenezea. Juni 2020 majaribio ya RECOVERY nchini Uingereza yalionyesha kuwa inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Na ovari ya kuku mzee ni kiungo ambacho kimekuwa katika mcharuko karibu kila siku ya utagaji wake. Basi swali la mfugaji ni halali: kama mcharuko ndio unaoichosha ovari, kwa nini dawa inayotuliza mcharuko isiirudishie nguvu? Swali hilo lina majibu kutoka maabara za nchi kadhaa, na sehemu kubwa ya majibu hayo haikutafutwa kwa ajili ya mayai. Ilitafutwa na madaktari wa wanawake.

Kichala cha viini

Kuiona ovari ya kuku hakuhitaji hadubini. Achinjwe kuku aliye katikati ya utagaji, tumbo lifunguliwe kwa uangalifu, utumbo usogezwe pembeni, kisha mtu aangalie chini ya uti wa mgongo, jirani na figo. Viini vya njano vya kila ukubwa vinaning'inia hapo kama kichala cha zabibu. Vyote viko upande wa kushoto. Kuku huanza na ovari mbili akiwa bado ndani ya yai, lakini ya kulia hudumaa, na maisha yake yote ya utagaji hutegemea ile moja iliyobaki.

Katika kichala hicho, viini vikubwa huwa vitano au sita, na hakuna viwili vinavyolingana. Vimepanga foleni. Kikubwa kuliko vyote ndicho kitakachotoka kwanza, kinachokifuata kitatoka siku inayofuata, na kadhalika hadi vile vidogo vyenye milimita chache ambavyo ndiyo kwanza vimeanza kupata rangi. Kiini kikishaingia kwenye foleni hiyo hukua kwa kasi, siku saba hadi kumi na moja tu, kikijazwa mafuta na protini zinazotengenezwa na ini na kuletwa na damu. Ndiyo maana ini la kuku anayetaga ni kubwa, na ndiyo maana ini likichoka, ovari nayo hulala njaa.

Sasa kikamatwe kile kikubwa na kigeuzwe polepole kwenye mwanga. Ngozi yake imetandaa mishipa midogo ya damu kila upande, isipokuwa sehemu moja: ukanda mweupe, mwembamba, ambao mishipa haiuvuki. Ni hapo ngozi itakapopasuka. Takribani nusu saa baada ya kuku kutaga yai la leo, ukanda huo huachia na kiini hudakwa na mdomo wa mrija wa mayai. Safari ya yai jipya imeanza. Kwa saa tatu hivi litavikwa ute, kwa saa moja na ushei litapata utando, kisha litakaa saa 18 hadi 20 likiwekewa ganda. Kuanzia yai moja hadi jingine ni saa 24 hadi 26.

Wakati mwingine mrija haukidaki kiini, hasa kwa kuku aliyezeeka au mnene kupita kiasi. Kiini huangukia tumboni. Kikiwa kimoja na safi, mwili hukifyonza. Bakteria wa kinyesi wakikifikia, tumbo zima huwaka, kuku husimama mkia chini na macho nusu yamefumba, na mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Kule ovarini nako hubaki mfuko mtupu uliopasuka. Una damu, una chembe za kinga zilizokimbilia hapo, una vimeng'enya vilivyokuwa vikiikata ngozi. Lazima usafishwe, uzibwe na ufyonzwe. Kazi hiyo haijakamilika na mfuko unaofuata tayari umepasuka.

Jeraha la kila siku

Mwaka 1971 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha hoja fupi ya daktari wa uzazi kutoka Misri, Mahmoud Fathalla. Alijiuliza kama saratani ya ovari haitokani na ovari kutopata nafasi ya kupumzika. Kila yai linapotoka, ngozi ya ovari hupasuka. Kila inapopasuka, chembe hulazimika kugawanyika ili kuziba. Na kila zinapogawanyika, kuna nafasi ya kosa. Mwanamke anayezaa na kunyonyesha hupata miezi mingi ambayo mayai hayatoki. Asiyepata mapumziko hayo huendelea mwezi hadi mwezi, na kwa wanawake wengi mayai yanayotoka maishani hufika mia nne na ushei.

Kuku wa mayai wa kisasa hutaga zaidi ya mayai 300 kwa mwaka. Kabla hajatimiza miaka miwili amekwisha kulipita daraja ambalo mwanamke hulifikia karibu na ukomo wa hedhi. Kama hoja ya Fathalla ni ya kweli, kuku ndiye angepaswa kuionyesha. Na ameionyesha. Mwaka 1987 mtafiti T. N. Fredrickson alichapisha matokeo ya uchunguzi wa kuku zaidi ya 400 wenye umri wa kati ya miaka miwili na saba. Takribani robo yao walikuwa na saratani ya ovari iliyoanza yenyewe, bila kuwekewa sumu wala virusi, na kadiri kuku alivyozeeka ndivyo uwezekano ulivyopanda. Wanyama wanaopata ugonjwa huo wenyewe kwa wingi namna hiyo ni nadra sana. Kwa kuku mgonjwa, kama ilivyo kwa mwanamke, tumbo hujaa maji na uvimbe hutapakaa kwenye utando wa tumbo.

Mwaka 1980 Mmarekani Lawrence Espey aliongeza jambo lililobadilisha namna ya kuutazama utokaji wa yai. Alisema utokaji wa yai ni mcharuko kamili: damu huongezeka, majimaji hujaa, prostaglandini hupanda, vimeng'enya hulainisha ngozi hadi ipasuke. Yaani mwili hutumia silaha zile zile unazotumia mtu akichomwa na mwiba, safari hii kwa ajili ya kumzalisha. Mwaka 1999 Roberta Ness na Carrie Cottreau wakaunganisha hoja hizo mbili: huenda kinachoiharibu ovari si kule kupasuka kwenyewe tu, ni mcharuko unaoandamana nako, pamoja na sumu za oksijeni ambazo chembe za kinga huzimwaga mahali hapo.

Baadaye ilibainika kwamba nyingi ya saratani zilizokuwa zikiitwa za ovari kwa wanawake huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi. Ncha hizo hukaa zikiigusa ovari na kulowa majimaji ya kila yai linalotoka, kwa hiyo hoja ya mcharuko haikufa. Ilihamia nyumba ya jirani. Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Kila mwaka wanawake zaidi ya 300,000 duniani hugunduliwa kuwa na ugonjwa huu na zaidi ya 200,000 hufariki kwa sababu yake, wengi wakiwa wamefika hospitali ugonjwa ukiwa umechelewa kuonekana.

Ovari ina dawa yake

Mwili unaojijeruhi mara kwa mara haukosi namna ya kujituliza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Stephen Hillier akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba chembe za ngozi ya ovari ya mwanamke zina kimeng'enya kinachoigeuza kotisoni, ambayo haina nguvu, kuwa kotisoli, ambayo inatuliza mcharuko. Chembe hizo zikiguswa na ishara za mcharuko, kimeng'enya huongezeka. Ovari hujiwekea steroidi yake, kwa kipimo chake, mahali pale pale penye jeraha, kwa muda ule unaohitajika.

Ndani ya chembe, steroidi hii hufanya kazi kuanzia chanzoni. Huzuia kuachiwa kwa malighafi ya kutengeneza prostaglandini, na huzizima jeni zinazoita chembe za kinga. Aspirini huingilia hatua moja mbele: huzuia kimeng'enya kinachoigeuza malighafi hiyo kuwa prostaglandini, ugunduzi uliofanywa na John Vane wa Uingereza mwaka ule ule wa 1971 ambao Fathalla aliandika hoja yake.

Lakini prostaglandini hizo hizo zina kazi nyingine kwa kuku. Ndizo zinazosaidia kulibana pango la ganda ili yai litoke. Kuku anayepewa dawa inayozizuia kwa nguvu huchelewa kutaga yai lililo tayari. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba mcharuko wa ovari hauwezi kuzimwa wote bila kugusa utagaji wenyewe.

Ya ovari na ya kichupa

Kuku naye anayo steroidi yake ya kutuliza mcharuko. Inaitwa kotikosteroni, hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na hupanda kila anapopata dhiki: joto kali, kiu, msongamano, mbwa aliyezunguka banda usiku, safari ndefu ndani ya tenga. Ongezeko la muda mfupi ni la kawaida na humsaidia kuhimili. Taabu huanza inapokuwa juu siku nenda siku rudi.

Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, Robert Etches na wenzake waliwaingizia kuku homoni hiyo mfululizo ili waone itakavyokuwa. Ovari ilisinyaa. Homoni ya ubongo inayoiamuru ovari iachie yai ilishuka, viini vilivyokuwa kwenye foleni vilifyonzwa kabla ya zamu zao, na mrija wa mayai nao ukanywea. Majaribio mengine ya steroidi za aina hii kwa kuku yameonyesha ini kujaa mafuta, misuli ya kifua kukonda na kinga kushuka. Ini ndilo linalotengeneza kiini. Likijaa mafuta yake lenyewe, ovari inakosa mlishaji.

Deksamethasoni ina nguvu kupita kotikosteroni na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Watafiti wanaotaka kuku mwenye kinga dhaifu kwa ajili ya majaribio humpa deksamethasoni kwa makusudi. Mfugaji anayeiweka kwenye maji ya kunywa anafanya jambo hilo hilo bila kukusudia, na anawafanyia kuku waliochanjwa kideri kwa gharama yake mwenyewe, ndani ya banda ambalo vijidudu havijaenda popote.

Ubaya wa deksa ni kwamba siku za mwanzo hupendeza. Kuku mwenye viini vilivyooza tumboni akidungwa, homa inashuka, anachangamka, anarudi kwenye chakula. Mfugaji anaamini amepona. Huko ndani bakteria wamepata uwanja wazi, kwa kuwa askari waliokuwa wakiwazuia wameamriwa kulala. Siku chache baadaye kuku anakutwa amekufa, na asipopasuliwa hakuna atakayejua kilichomuua. Waswahili wana neno la kazi ya namna hiyo: kufunika kombe mwanaharamu apite.

Kuna na mlaji wa yai. Kwa kuwa viini hujazwa kwa siku saba hadi kumi na moja, dawa iliyo kwenye damu leo inaweza kuingia kwenye mayai yatakayotagwa wiki ijayo. Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya juu vya mabaki ya deksamethasoni kwa nyama ya ng'ombe, nguruwe, mbuzi na jamii ya farasi. Kwa mayai hakuna kiwango, maana si dawa iliyokusudiwa kuku wa mayai. Anayeitumia bandani anauza mayai yasiyo na kipimo cha usalama.

Daktari wa mifugo anaweza kuwa na sababu ya kumpa kuku mmoja steroidi, kwa kipimo na kwa siku anazozihesabu, baada ya kumchunguza. Hiyo ni tiba. Kulinywesha banda zima ili trei zijae ni jambo jingine kabisa.

Yaliyojaribiwa kwa kuku wazee

Kama steroidi kali inaifunga ovari, je, kuna njia ya kupunguza mcharuko bila kumwangusha kuku? Maabara za Marekani zimeijaribu kwa kuku wa umri wa miaka miwili na zaidi, umri ambao mfugaji wa biashara kwa kawaida ameshawauza.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, kundi la Patricia Johnson liliwachanganyia kuku aspirini kwenye chakula kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Idadi ya waliopata saratani haikupungua, ila ugonjwa wenyewe kwa waliokuwa wakila aspirini ulikutwa ukiwa hatua za chini zaidi. Yaani kupunguza prostaglandini hakukuzuia moto kuwaka. Kulipunguza kasi ya kusambaa.

Huko Illinois, Dale Buchanan Hales wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois na Janice Bahr wa Chuo Kikuu cha Illinois walitumia mbegu za kitani, ambazo zina mafuta mengi ya omega 3, wakizifanya asilimia 10 ya chakula. Baada ya mwaka mmoja, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2010, ukali wa ugonjwa ulipungua na kuku wengi zaidi waliishi. Waliolishwa kwa miaka minne, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2013, walipata saratani ya ovari kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na prostaglandini kwenye ovari zao zilikuwa chini. Hapa mcharuko ulipunguzwa kwa chakula, polepole, na kinga haikuangushwa.

Jaribio lililo karibu zaidi na wazo la mfugaji wetu lilifanyika Alabama. Wanasayansi waliwadunga kuku wa miaka miwili medroksiprojesteroni, ile ile inayojulikana kliniki kama sindano ya depo. Ni steroidi ya uzazi wa mpango, na ina kiasi cha uwezo wa kutuliza mcharuko pia. Taarifa yao ya mwaka 2002 ilionyesha saratani ya njia ya uzazi ikipungua kwa kiasi. Cornell wakarudi na jaribio pana mwaka 2012, wakiwapa kuku homoni za vidonge vya uzazi wa mpango. Waliopata projestini, peke yake au pamoja na estrojeni, walikutwa na saratani ya ovari chache mno. Lakini pia walitaga mayai machache. Ovari zao zilikuwa zimepumzishwa. Kwa wanawake picha ni hiyo hiyo: uchambuzi wa tafiti 45 kutoka nchi 21, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba kila miaka mitano ya kutumia vidonge hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa takribani asilimia 20.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka kwa kuku wasiomezeshwa chochote. Kuna ukoo wa kuku wenye hitilafu kwenye jeni ya mlango unaopitisha mafuta kutoka kwenye damu kuingia kwenye kiini. Ini linatengeneza mafuta, damu inakuwa nzito kwa mafuta hayo, lakini viini havijai, na kuku hao ni nadra sana kutaga. Watafiti wa Cornell waliwalinganisha na dada zao wanaotaga kawaida na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Saratani ya ovari ilikuwa adimu kwa wasiotaga. Wote walikuwa wa ukoo mmoja. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba upande mmoja ovari ilipasuka karibu kila siku, na upande wa pili haikupasuka.

Ukiyaweka majaribio haya yote mezani, mpangilio wake unaonekana. Kila kilichoilinda ovari sana kilifanya hivyo kwa kupunguza idadi ya mayai. Kilichotuliza mcharuko bila kupunguza mayai kilisaidia kwa kiasi, na kilikuwa cha polepole, cha chakula, cha miaka. Hakuna kilichompa kuku mzee mayai mengi na ovari yenye afya kwa mpigo. Deksa inaahidi vyote viwili, na kwa kuku hufanya kinyume: ovari inanywea na kinga inaanguka.

Kuatamia ni dawa

Kuku wa kienyeji amepewa likizo na maumbile. Anataga mayai kumi, kumi na tano, kisha anabadilika tabia. Anakaa kiotani hata ukimfukuza, manyoya yanamsimama, anatoa mlio wa ukali, kifua kinakuwa na joto na ngozi tupu. Homoni ya prolaktini imepanda, ovari imesinyaa, na kwa siku 21 za kuatamia, pamoja na wiki za kulea vifaranga, hakuna ngozi inayopasuka. Anaporudi kutaga, anarudi na ovari iliyojijenga upya.

Kuku wa mayai wa kibiashara amenyimwa likizo hiyo kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi. Jogoo na tetea waliotunzwa kwa ajili ya mbegu walikuwa wa ukoo usioatamia, mpaka tabia yenyewe ikafifia. Ndiyo siri ya mayai 300 kwa mwaka, na ndiyo gharama yake.

Ipo likizo ya pili, ambayo hata kuku wa kisasa hajaisahau: kunyonyoka manyoya. Siku zikiwa fupi na chakula kikipungua ubora, ndege huacha kutaga, hubadilisha manyoya, na ovari pamoja na mrija wa mayai hunywea. Akimaliza, hutaga tena, na ganda linakuwa bora kuliko la mwisho wa msimu uliopita. Wafugaji wakubwa wa Marekani walilazimisha hali hiyo kwa miaka mingi kwa kuwanyima kuku chakula siku kadhaa. Ulikuwa ukatili, na umeachwa. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba matokeo yale yale yanapatikana kwa kuku anayekula ashibe, mradi chakula chenyewe kiwe hafifu: hasa mabaki ya kusaga ngano, yaliyo jamii moja na pumba inayouzwa kwa gunia hapa kwetu. Mwanga ukipunguzwa na chakula kikawa cha pumba kwa wiki chache, kuku hunyonyoka, hupumzika, na baadaye hurudi kazini.

Wiki ya 72

Mfugaji aliyefika wiki ya 72 au 80 na trei zenye mapengo aanze kwa kuyatazama yale yanayoonekana. Wiki ya 72, asilimia 70 au zaidi ya kuku bado wanaweza kuwa wanataga. Chini sana ya hapo, kwa kawaida kuna sababu nje ya uzee. Joto la banda mchana, maji yaliyopata moto kwenye pipa la plastiki, minyoo, utitiri, taa iliyokatwa na mgao wa umeme, chakula kilichopunguzwa dagaa kwa kuwa bei imepanda: haya yote hupandisha kotikosteroni ya kuku mwenyewe au hulinyima ini malighafi. Ganda jepesi lina tiba yake. Kuku mzee anahitaji chokaa ya punje kubwa, inayoyeyuka taratibu usiku wakati ganda linapowekwa, kwani ya unga humalizika tumboni mapema.

Kuku akifa, apasuliwe. Mtaalamu wa mifugo atatumia dakika chache kuona kama viini vimeoza tumboni, kama ini lina mafuta na damu iliyovuja, au kama kuna uvimbe na maji. Kila kimoja kina uamuzi wake. Uvimbe wa ovari hauambukizi banda. Viini vilivyooza vinaelekeza kwenye maji machafu, viota vichafu au kuku walionenepeshwa. Ini lililovuja linaelekeza kwenye chakula chenye wanga mwingi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho jibu lake ni deksa.

Kisha ifanywe hesabu ya kufuga. Kundi lenye afya, lisilo na kuku wa kubadilisha karibuni, linaweza kupewa likizo ya manyoya kwa ushauri wa mtaalamu, mfugaji akikubali wiki kadhaa bila mayai ili apate msimu wa pili. Kundi lililochoka na lenye vifo vya kila wiki liuzwe likiwa bado na nyama, kabla halijaanza kula mtaji. Kuuza kwa wakati hakuna aibu yoyote; ni sehemu ya kazi, kama vile kununua vifaranga.

Anayesubiri dawa itakayomfanya kuku wa wiki 90 atage kama wa wiki 30 anasubiri kitu ambacho Cornell na Illinois, kwa kuku wao wote na miaka yao yote, hawakukipata. Walichokipata ni hiki: ovari hudumu kwa kadiri inavyopumzishwa. Mfugaji anayelijua hilo hana sababu ya kununua kile kichupa. Atatenga fedha hizo kwa chokaa, kwa maji baridi na kwa vifaranga wa kundi lijalo.